Mfuko mtupu una bei gani?

Mwaka 1984 kampuni ya Infocom, ya Cambridge kule Massachusetts, ilitoa gemu la kompyuta lililotokana na riwaya ya vichekesho ya Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Halikuwa na picha hata moja, ni maandishi matupu kwenye skrini. Lakini ukifungua boksi, pamoja na flopi, ile diski nyembamba iliyobeba programu, ulikuta beji, miwani ya kadibodi nyeusi tii ambayo ukiivaa huoni kitu, pamba kidogo ya kuigiza uchafu wa mfukoni, amri ya kubomoa nyumba, amri nyingine ya kubomoa dunia, na kifuko cha plastiki kisicho na kitu. Kifuko hicho, ati, kilibeba kundi zima la meli za kivita za anga za mbali, ila ni ndogo mno kuonekana kwa macho.

Ulikuwa utani. Miaka arobaini baadaye utani umegeuka mali. Boksi la gemu hilo likikosa kile kifuko haliwezi kuitwa kamili, na likiwa si kamili bei inashuka. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. La kwangu nilinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba kila kitu kimo. Likafika lina beji, lina miwani, lina pamba, kifuko hamna. Nilipomwandikia alinijibu kwa upole kwamba kulikuwa na kijinailoni kitupu, akakitupa ili boksi liwe safi. Hebu niambie, ungemjibu nini?

Ukielewa kwa nini kile kijinailoni kina bei, umeshaelewa zaidi ya nusu ya soko la magemu ya zamani, soko ambalo kwa mtu wa nje linaonekana kama wazimu mtupu.

Tuanze na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: kudhani kwamba kitu ni ghali kwa sababu ni adimu. Julai 2021, katika mnada wa Heritage Auctions wa Dallas, nakala moja ya Super Mario 64 iliuzwa kwa dola milioni 1.56. Gemu hilo lilitoka mwaka 1996 na liliuzwa nakala zaidi ya milioni 11. Si adimu kwa namna yoyote. Ukitaka kulicheza, katriji yake ya mtumba, kile kisanduku cha plastiki cha kuchomeka kwenye mashine, inapatikana wiki yoyote kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini. Kilichouzwa kwa milioni 1.56 kilikuwa nailoni ambayo haikuwahi kuchanwa na kadibodi ambayo haikuwahi kubonyea. Nakala hiyo ilikuwa imepewa alama 9.8 kati ya 10, na nailoni yake ikapewa A++.

Miezi mitatu kabla, kwenye mnada huohuo wa Heritage, Super Mario Bros. ilikuwa imeuzwa dola 660,000. Hii ina kisa kizuri zaidi. Mtu aliinunua mwishoni mwa mwaka 1986 iwe zawadi ya Krismasi, akaiweka kwenye mtoto wa meza, akasahau. Ikakaa humo miaka 35. Yaani kusahau ndiko kulikozaa fedha. Angekumbuka, mtoto angefurahi siku ile, na leo boksi lisingekuwepo.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1987 kampuni ya Bandai ilitoa gemu la riadha kwa ajili ya mashine ya Nintendo, likaitwa Stadium Events. Muda mfupi baadaye Nintendo ilinunua haki zake, na mwaka 1988 ikalitoa upya kwa jina la World Class Track Meet. Mbio ni zilezile, wakimbiaji walewale. Hili la pili ni la kuokota, halifiki bei ya viatu. Lile la kwanza, kwa kuwa nakala chache sana zilifika madukani Marekani, boksi lake limewahi kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Tofauti iko kwenye lebo.

Kwa hiyo gemu lenyewe, ile programu ambayo watu walikesha kuiandika, karibu halina bei sokoni. Linanakilika. Gemu la Mystery House, ambalo Roberta na Ken Williams walilitengeneza nyumbani kwao California mwaka 1980, wenyewe waliliachia liwe mali ya umma mwaka 1987. Ni halali yako kulipakua sasa hivi ukalicheza kwenye simu. Lakini mfuko wa nailoni wenye zipu ambamo liliuzwa mara ya kwanza, na kikaratasi chake, na flopi yake, hivyo vina watu wanaovitafuta kama dhahabu. Mkusanyaji hulipia kile ambacho programu haiwezi kukinakili: karatasi, gundi, wino, mshono wa nailoni, na ushahidi wa mahali kitu kilikotoka.

Kijana wa Houston na mifuko yake

Katika magemu ya kompyuta hasa, achana na mashine za kuchomeka kwenye televisheni, jina linalotajwa kwa kunong'ona ni Akalabeth. Mwaka 1979 Richard Garriott alikuwa kijana anayemaliza sekondari eneo la Houston, Texas, akifanya kazi ya likizo kwenye duka la ComputerLand. Alikuwa ameandika gemu la kushuka mashimoni kupigana na mazimwi, kwa lugha ya programu iitwayo BASIC, kwenye kompyuta ya Apple II. Bosi wake wa dukani akaliona akamwambia aliuze palepale. Kijana akatoa fotokopi za maelekezo, mama yake akachora picha ya jalada, akanakili flopi mwenyewe moja moja, akazitia kwenye mifuko ya zipu na kuzitundika dukani. Zikauzwa chache sana, dazeni moja hivi. Lakini moja ikafika mikononi mwa kampuni ya California Pacific, ambayo ililitoa kitaifa na kumpa dola 5 kwa kila nakala. Zikauzwa zipatazo 30,000. Fanya hesabu mwenyewe, kisha kumbuka alikuwa bado mwanafunzi.

Akalabeth ya California Pacific tayari ni mali ya kuheshimika. Ile ya dukani, yenye mchoro wa mama, ni kitu ambacho wengi wa wakusanyaji hawatakishika maishani.

Hapa ndipo magemu ya kompyuta yanapoachana na ya Nintendo. Katriji ya Nintendo ilitoka kiwandani kwa utaratibu mmoja: chipu, bodi, plastiki ya ukungu wake maalumu, lebo ya mashine. Gemu la kompyuta la mwaka 1980 lilihitaji flopi tupu, mashine ya fotokopi na mfuko ambao mama yeyote wa Marekani alikuwa nao jikoni akifungia mkate. Mtu yeyote aliweza kuwa kampuni. Ndiyo maana kuna magemu mengi ya miaka ile ambayo hayakufika nakala mia. Na ndiyo maana pia, kama tutakavyoona, mghushi wa leo anahitaji vifaa vilevile vitatu.

Tena kompyuta zilikuwa na adui mwingine wa uhifadhi: mwenye nazo mwenyewe. Flopi ilikuwa ghali, na gemu likishachosha, watu waliifuta wakaandika barua au hesabu za duka juu yake. Boksi, hasa yale makubwa ya miaka ya 1980 na 1990, lilikuwa linajaza kabati, likatupwa. Katriji huwezi kuandika juu yake. Angalau ilibaki kuwa katriji.

Msomaji wa Dar asianze kupekua dari la mjomba. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata baada ya milango kulegezwa, kompyuta ilibaki kuwa kitu cha ofisini. Tulichokijua wengi wetu katika miaka ya 1990 ni zile mashine za kuiga za kutoka Asia, na katriji yake ya rangi ya chungwa iliyojiandika ina magemu 9999, kumbe ni kumi yaleyale yanajirudia, tofauti ni rangi ya anga tu. Hazina bei mnadani. Ila sijui mtu wa rika langu asiyetabasamu akiiona.

"Kamili" maana yake nini

Neno hili ndilo linalozaa ugomvi mwingi kuliko yote, na lina historia yake. Mwaka 1982 Infocom walitoa Deadline, kisa cha upelelezi cha kuandika na kusoma. Habari za kesi zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyokuwepo kwenye flopi ya siku hizo. Basi ziada wakaitoa nje ya kompyuta kabisa: boksi lilifanywa kama jalada la polisi, na ndani mna mahojiano ya washukiwa yaliyopigwa taipu, ripoti ya maabara, picha ya chumba yenye mchoro wa chaki sakafuni, na kifuko chenye vidonge vyeupe vilivyookotwa karibu na maiti. Pipi tu, lakini ukiwa na umri wa miaka kumi na nne usiku, hukuwa na hakika.

Watu walivipenda mno hivi vikorokoro, Infocom wakaanza kuvitia kila gemu. Wengine wakaiga. Garriott, yule kijana wa Houston, kwa gemu lake la Ultima II la mwaka 1982, aliwaendea wachapishaji mmoja mmoja na sharti lake: lazima ndani mwekwe ramani ya kitambaa. Walikubali Sierra, kampuni ya akina Williams. Ultima IV ya 1985 ikaja na ramani ya kitambaa na kijisanamu cha chuma. Vikorokoro hivi vilikuwa pia kufuli: gemu lilikuuliza neno lililomo kwenye kijitabu, au likakutaka uzungushe gurudumu la karatasi kama lile la maharamia lililokuja na The Secret of Monkey Island mwaka 1990. Aliyenakili flopi kwa rafiki alikwama hapo.

Matokeo yake ni kwamba mkusanyaji wa leo ana orodha. Flopi zote, vijitabu, kadi ya kurudisha kwa posta (isiyojazwa!), karatasi ya matangazo, ramani, kidonge. Ramani ya kitambaa ilipigwa pasi ikatundikwa ukutani chumbani kwa mtoto, ikafifia. Vidonge vililiwa. Kila kilichopungua kinapunguza pesa, na wakati mwingine kipande kimoja kina thamani kuliko boksi zima lililobaki, kwa sababu kuna watu ishirini duniani wenye boksi lisilo na kipande hicho.

Kuna jambo jingine ndani ya ukamilifu: toleo. Infocom waliuza yaleyale magemu yao kwanza kwenye vifungashio vya ajabu, Starcross ya 1982 kwenye sahani ya plastiki ya mtindo wa chombo cha anga, Suspended ya 1983 ikiwa na barakoa ya uso mweupe inayokutazama. Tangu 1984 wakaviweka vyote kwenye maboksi ya kijivu yanayofanana, kwa sababu wenye maduka walichoka na sahani zisizokaa kwenye rafu. Programu ileile. Sahani na boksi la kijivu havikai kwenye mstari mmoja wa bei.

Nailoni inasema ukweli?

Boksi lililofungwa tangu kiwandani ndilo linalovuta mamilioni, kwa hiyo swali la kwanza ni nani aliyelifunga. Kwa maboksi ya Nintendo wajuzi hutazama mshono wa nailoni ulioko mgongoni, ulalo wake na jinsi ulivyoungwa. Kuna mtindo wa kiwandani na kuna mtindo wa mashine ya dukani. Kwenye magemu ya kompyuta ni tabu zaidi. Maduka mengi ya programu Marekani yalikuwa na mashine ya nailoni chumba cha nyuma. Mteja akirudisha gemu lililofunguliwa, linafungwa upya na kurudi rafuni. Kwa hiyo nailoni inaweza kuwa ya mwaka 1985 kweli na bado gemu likawa limefunguliwa, likachezwa, na likakosa ramani. Wenye maduka hawakuwa matapeli. Hakuna aliyewaza kwamba ile nailoni ingekuja kukaguliwa kwa darubini.

Katika pengo hilo la shaka ndipo zilipoingia kampuni za kupima. Unawatumia boksi, wanalikagua, wanalipa alama na kulifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Video Game Authority walitangulia, Wata wakaja muongo mmoja baadaye na ndio waliotoa ile 9.8. Kwa mnunuzi wa mbali alama ni nafuu kubwa: huna haja ya kuwa mjuzi, unasoma namba. Lakini namba ikishakuwepo, wanakuja watu ambao hawajali gemu, wanajali namba. Mwaka 2021, wakati watu wamefungiwa majumbani na pesa zinatafuta pa kwenda, bei zilipaa kwa namna ambayo haikuwa na uhusiano wowote na wingi wa maboksi. Mwaka uliofuata Wata walifunguliwa kesi Marekani na wateja waliodai soko lilikuwa limechezewa. Joto lile la 2021 lilipoa, na walionunua kileleni bado wanajua tarehe waliyonunua.

Mimi nina shaka moja ya kijinga kuhusu hayo makasha. Boksi lililofungwa halifunguliwi ili likaguliwe ndani, maana likifunguliwa limekufa. Anayelinunua anauziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba gunia limepewa A++.

Flopi zisizo na kitu

Katikati ya mwaka 2022 kikundi cha wakusanyaji wa magemu ya kompyuta ya maboksi makubwa kilitoa tangazo lililowaumiza wenyewe. Nakala kadhaa za magemu adimu ya mwanzo wa miaka ya 1980, zilizouzwa na kubadilishwa baina yao kwa miaka, zilionekana kuwa za kughushi. Hasara ilikadiriwa kufika euro 100,000. Aliyenyooshewa kidole, naye akakanusha, alikuwa mwenzao wa miaka mingi, mtu ambaye wengine walimwuliza yeye pale walipokuwa na shaka na mali zao.

Waliligunduaje? Kwa kuweka nakala kando ya nakala. Lebo zinazodaiwa kutoka duka moja mwaka mmoja hazilingani. Kona zimekatwa kwa namna tofauti. Maandishi yana kingo za printa ya kisasa. Na baadhi ya flopi, zilipotiwa hatimaye kwenye kompyuta, hazikuwa na kitu chochote ndani.

Hilo la mwisho linanirudisha kwenye kile kifuko changu. Watu walilipa maelfu kwa flopi tupu na zikakaa makabatini miaka bila mtu kujua. Haukuwa uzembe mtupu. Flopi ni duara la plastiki jembamba lililopakwa unga wa oksidi ya chuma, na baada ya miaka arobaini unga huo unaweza kubanduka unapoguswa na kichwa cha kusomea. Unyevu ukiingia huota kuvu. Aliyewahi kuhifadhi kanda za taarabu Mombasa au Unguja anaijua ile doa nyeupe ya utandu, ni ileile. Basi mwenye Akalabeth yake anajiambia: nisiitie kwenye mashine nikaiua. Woga huo wa haki ndio uliompa mghushi nafasi.

Siku hizi wapo wanaosisitiza flopi isomwe kabla pesa hazijatoka, na isomwe si kwa kompyuta ya kawaida bali kwa vifaa kama Greaseweazle, ambavyo havisomi faili, vinarekodi kila mgeuko wa sumaku ulioko juu ya duara. Rekodi hiyo huonyesha zaidi ya gemu. Mashine za kunakili za viwandani ziliandika kwa mpangilio nadhifu ambao flopi ya nyumbani haina, kwa hiyo nakala inayodaiwa kuwa ya kiwandani iliyoandikwa juzi kwenye chumba cha mtu huweza kujitaja. Kwenye lebo, kioo cha kukuza kinatosha kutenganisha chapa ya ofseti, ya mitambo ya uchapaji, yenye vidoti vilivyojipanga kama maua, na wino wa printa uliotawanyika. Na printa nyingi za leza za rangi huchapa vidoti vya njano visivyoonekana vyenye tarehe na namba ya mashine. Mghushi asiyejua hilo huweka sahihi yake bila kukusudia.

Ila rudi kwa kijana wa Houston. Yeye hakuwa na mashine ya kiwandani. Flopi zake aliziandika nyumbani, karatasi zake ni fotokopi, mfuko wake ni wa jikoni. Kwa kitu kama hicho vipimo vyote hivi vinafika mahali vinanyamaza, na kinachobaki ni nani alikuwa nacho, alikipata wapi, na kabla yake nani.

Uzito wa neno hilo "wapi" ulionekana jangwani New Mexico. Mwaka 1983 kampuni ya magemu ya Atari, ikiwa imezama katika hasara, ilizika shehena ya katriji kwenye jaa la mji wa Alamogordo. Aprili 2014 zikafukuliwa, zikatolewa zipatazo 1,300, zimepondeka na zinanuka. Miongoni mwao lilikuwamo E.T. la mwaka 1982, gemu ambalo nakala yake safi inayocheza ni ya bei ya kahawa mbili. Mji ukazinadi, kila moja na kitambulisho chake na cheti kinachosema imetoka shimo lile. E.T. moja iliyopondeka ilifika dola 1,535, na jumla mji ulivuna zaidi ya dola 100,000. Hakuna mtu aliyenunua gemu pale. Walinunua cheti, na uchafu uliothibitisha cheti.

Juzi nimeona mtu anauza kifuko. Kifuko tu, cha 1984, "cha asili, chenye kundi lote la meli". Bei yake sitaitaja humu kwa sababu mke wangu husoma ninayoandika. Ni plastiki angavu yenye zipu, upana wa vidole vitatu, hakina chapa wala tarehe, na muuza viungo yeyote sokoni anacho kama hicho cha kutilia iliki. Nimemwandikia anitumie picha ya mshono wa chini, na anieleze boksi lake lilienda wapi. Hajajibu bado.